Bampa la chuma la kutengeneza mtaani: unene si uimara

Masika yakikaribia, karakana za kuchomelea za hapa Tanga hupata wateja wa namna moja. Yupo mwenye pikapu ya shamba kule Maramba, yupo anayeshusha mboga kutoka Lushoto, yupo anayepeleka wageni Saadani. Wote wameshakwama kwenye tope au wameshapasua bampa kwenye jiwe, na wote hufika na agizo moja: "Fundi, weka chuma kizito. Hii plastiki ya Mjapani haina maana."

Majuzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la karakana moja Ngamiani, nikisubiri grainda, akaingia kijana na Hilux ya zamani, ile isiyo na mifuko ya hewa. Akatoa agizo lilelile. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu, dereva wa malori tangu ujana wake, akamwita. "Mwanangu, hebu niambie. Unataka bampa, unataka ngao, au unataka mahali pa kuvutia gari?"

Kijana akasita. "Shikamoo mzee. Si vyote hivyo ni kitu kimoja?"

Kwa kweli si kitu kimoja. Anayevichanganya hulipa mara mbili: analipa chuma kingi kuliko kinachohitajika, halafu siku ya kukwama kile chuma kinang'oka. Nimeshatengeneza mabampa matatu kwa mikono yangu na kusaidia kuvua mengine mengi yaliyoharibika, na swali la yule mzee ndilo ningependa kila mtu ajiulize kabla hajatoa hata shilingi ya kununulia chuma.

Maneno kwanza

Bampa ni kipande kinachokaa mbele kabisa au nyuma kabisa ya gari, na kazi yake ni kupokea mgongano kabla haujafika kwenye mwili wa gari. Ngao ni yale mabomba yanayosimama mbele ya shoo, ule wavu wa mbele ya gari, kulinda taa na rejeta. Inaweza kuunganishwa na bampa au ikafungwa peke yake. Sehemu ya kuvutia ni tundu au ndoano inayopokea shako, ile pete ya chuma yenye pini, ili gari livutwe likikwama. Halafu kuna mikono ya bampa, braketi mbili zinazolishikilia kwenye ncha za chesisi. Mikono hiyo imejificha nyuma, mteja haioni, na ndiyo maana hakuna anayeiulizia.

Gari lenyewe pia liko la aina mbili. Lipo lenye chesisi, yaani fremu ya chuma chini na mwili umekalishwa juu yake kwa raba. Hilux na Land Cruiser za kazi ziko hivyo. Na lipo ambalo mwili wenyewe ndiyo fremu, kama RAV4 au X-Trail. Gari la kwanza lina ncha mbili nene za kufungia chuma kipya. La pili lina bati lililokunjwa kwa hesabu za kiwandani, na ukiling'ang'aniza bampa zito, bati hilo ndilo linaloumia. Maelezo ya kutengeneza yaliyomo humu ni ya gari lenye chesisi.

Plastiki ilikuwa na kazi gani?

Watu wengi wanaamini kiwanda kiliweka plastiki kwa ubahili. Vua ganda lile uone kilichomo. Nyuma yake kuna sponji ngumu, nyuma ya sponji kuna mhimili wa chuma au alumini, na kwenye magari mengi nyuma ya mhimili kuna vipande viwili vilivyotengenezwa makusudi visinyae kama kopo la soda unapolikanyaga. Ganda ni la sura na la kuongoza upepo. Kazi ya kuokoa maisha inafanywa na vile vinavyosinyaa.

Kwa nini kusinyaa kuwe jambo jema? Watazame vibarua wa Muheza wanapopakia machungwa, mmoja anarusha na mwenzake juu ya gari anadaka. Anayedaka hakazi mkono. Chungwa likifika, mkono unarudi nyuma kidogo, na chungwa linatulia bila kupondeka. Akikaza kiganja kama ukuta, chungwa linapasuka na kiganja kinawaka moto. Chungwa ni lilelile na mwendo ni uleule. Kilichobadilika ni umbali liliopewa la kusimamia.

Sasa weka namba. Gari liko mwendo wa kilomita 40 kwa saa, linagonga kitu kisichosogea. Kama sehemu ya mbele inasinyaa nusu mita kabla gari halijasimama, mwili wa abiria aliyefunga mkanda unasukumwa, kwa wastani, na nguvu ya karibu mara 13 ya uzito wake. Ni nyingi, lakini mara nyingi mtu anapona. Kama mbele ni chuma kigumu kilichofungwa moja kwa moja kwenye chesisi ngumu, na gari zima likasimama ndani ya sentimita 10, nguvu hiyo inafika mara 63. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kama kubebeshwa zaidi ya tani nne kifuani kwa kitambo kifupi. Gari huenda likatoka na mkwaruzo tu. Ndiyo maana mtu anayesifia kuwa "niligonga mti na bampa halikukunjwa" hunitia wasiwasi. Nguvu ile haikupotea, iliendelea kusafiri hadi ikapata cha kuvunja.

Mifuko ya hewa, wengi wanaita eabegi, inategemea hesabu hiyohiyo. Sensa hupima jinsi gari linavyopunguza mwendo kwa ghafla, kisha huamua kama mfuko ufunguke, na mfuko hujaa kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Kiwanda kilipanga uamuzi huo kwa kujua mbele ya gari inasinyaa vipi. Ukibadilisha mbele, umebadilisha habari zinazoifikia sensa, na mfuko unaweza kufunguka kwenye mgongano mdogo au ukachelewa kwenye mkubwa. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na fundi mwenye haraka ya pesa hataupenda: gari lako likiwa na eabegi, usilitengenezee bampa la mbele la mtaani. Pesa hiyo weka pleti ya kulinda tumbo la injini, au sehemu nzuri ya kuvutia kwa nyuma, au matairi. Bampa la mbele ununue lile lililopimwa kwa gari lako, au uache la kiwanda.

Kijana wa Hilux hakuwa na eabegi ya kuharibu, kwa hiyo tuliendelea naye.

Uzito una tabia ya bembea

Chuma kina uzito usiobishaniwa. Mita moja ya mraba yenye unene wa milimita moja ina kilo 7.85. Zidisha tu. Pleti ya milimita 3 ni kilo 23.5 kwa mita ya mraba, ya 4 ni kilo 31, ya 6 ni kilo 47. Bampa la pikapu hula kama mita moja ya mraba ukihesabu uso, ubavu na sehemu ya chini. Ongeza mikono, ongeza bomba la ngao. Bomba la kipenyo cha milimita 48 lenye ukuta wa milimita 3 lina zaidi kidogo ya kilo 3 kila mita. Ukiagiza la milimita 6 kila mahali, utavuka kilo 60 kabla hujafikiria winchi.

Na kilo 60 za mbele hazibaki 60. Umeona watoto kwenye bembea ya ubao? Anayekaa mwishoni kabisa ana nguvu kuliko uzito wake. Bampa limetokeza mbele ya ekseli ya mbele, nayo ekseli inakuwa kama kigogo cha katikati ya ubao. Chukua gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 2.8 na bampa la kilo 60 limetokeza sentimita 80 mbele ya ekseli. Springi za mbele zitaongezewa kilo 77, na nyuma gari litapungua kilo 17. Mbele linainama, taa zinaangalia chini, shokamzoba zinachoka, usukani unakuwa mzito, na nyuma, kule ambako pikapu tupu tayari ni nyepesi, matairi yanashika kidogo kuliko jana. Mtu ameongeza chuma ili apite kwenye tope, na ekseli ya nyuma inayosukuma imepunguziwa mshiko.

Ndiyo maana kwa gari la matumizi ya kawaida mimi husema milimita 4 usoni inatosha, na 3 pembeni ambako hakuna mvuto wowote. Ukitaka ugumu zaidi, kunja. Karatasi bapa huwezi kuisimamisha, lakini ikunje kama mfereji itabeba hata kitabu. Pleti ya milimita 3 yenye mikunjo miwili na kiegemeo cha pembetatu kwa ndani hubishana vizuri na pleti bapa ya 6, kwa nusu ya uzito na karibu nusu ya bei.

Siku pete ilipobaki kwenye mnyororo

Bampa langu la kwanza sikulitengeneza mwenyewe. Nililipia. Lilikuwa zuri mno kwa macho, michomo yote imesagwa ikawa laini, rangi nyeusi inang'aa, na katikati limechomelewa pete nene ya kuvutia. Masika yale tulikuwa tunaelekea Mkwaja kwenye ule udongo mweusi ambao mkavu unapasuka kama kigae, ukinywa maji unashika tairi kama ugali wa moto. Gari likazama hadi tumbo likakaa chini. Likaja trekta, tukafunga mnyororo kwenye ile pete, dereva wa trekta akavuta taratibu kabisa. Tukasikia mlio mkavu, kama muwa unapovunjwa gotini. Pete iliruka ikapiga chini ya trekta. Mungu alitusitiri, hakuna aliyekuwa njiani.

Niliiokota. Upande uliokuwa umechomelewa ulikuwa na ukingo wa mchomo mzima, umetoka wote kama ganda la yai lililochemshwa vizuri. Nikaenda kuangalia kwenye bampa. Pale pete ilipokuwa, chuma kilikuwa bado na ngozi yake ya kiwandani, ile ya rangi ya buluu iliyokoza. Sikuona kovu lolote. Moto haukuingia ndani hata kidogo. Ule mchomo ulikuwa umekaa juu ya chuma, haukuwa umeungana nacho.

Tangu siku ile nilielewa kwamba bampa ni mikono yake na michomo yake. Uso ni kifuniko tu.

Kuchomelea ni kuyeyusha vyuma viwili pamoja na rodi ili viwe kitu kimoja. Moto ukiwa mdogo, rodi inayeyuka lakini chuma cha chini hakiyeyuki, na unapata kitu kama nta iliyodondokea kwenye sahani ya baridi: ukiigusa kwa kucha inabanduka nzima. Hii hutokea sana jioni, umeme wa mtaani unaposhuka na mashine ikakosa nguvu. Hutokea pia fundi anapochomelea juu ya kutu, rangi, au ile ngozi ya kiwandani bila kuisaga kwanza. Kwa rodi za 6013 za milimita 3.2, zile za kila siku, chuma cha milimita 5 na zaidi kinataka ampea kama 100 hadi 130, na kingo zisagwe mshazari ili moto uingie hadi ndani.

Usikubali mchomo mnene kuwa ushahidi wa chochote. Mwambie fundi, kwa heshima, achomelee vipande viwili vya skrepa vya unene uleule, vikae kama herufi T, kisha avibane kwenye jiriwa avipige nyundo mpaka vilale. Fundi mwenye kazi yake hatakasirika. Kama mchomo unang'oka na kuacha chuma safi chini yake, moto haukuingia. Kama chuma chenyewe kinapinda, au kinachanika na kubaki nyuzinyuzi pande zote mbili, umempata mtu wako. Jaribio hilo linakula rodi mbili. Na ukishapata mchomo mzuri, usimwambie ausage mpaka uwe sawa na chuma ili upendeze. Kile kinachosagwa ndicho ulicholipia.

Bolti si msumari

Kuna wanaosema, "Chomelea bampa moja kwa moja kwenye chesisi, bolti zitalegea." Nasikia hoja hii kila mwezi na kila mwezi naikataa. Moto wa kuchomelea unabadilisha chuma cha chesisi pembeni ya mchomo, na ufa wa baadaye huanzia hapo. Pia ukigonga, huna cha kufungua, unakata. Matundu ya kiwandani kwenye ncha za chesisi yapo kwa kazi hiyo, yatumie. Tengeneza mikono kwa pleti ya milimita 8 au 10, itoboe kulingana na matundu yale, na uiwekee viegemeo vya pembetatu. Kama bado kuna vipande vya kiwandani vya kusinyaa kati ya chesisi na bampa, na nafasi inaruhusu, viache mahali pake, bampa jipya lifungwe mbele yake. Gari bado litakuwa na kitu cha kutoa kabla halijakutoa wewe. Ila hapo sehemu ya kuvutia lazima iwe na braketi yake yenyewe hadi kwenye chesisi, kwa sababu vipande vile havikutengenezwa kuvutwa.

Bolti yenyewe isome kichwani. Ile yenye maandishi 8.8 imetengenezwa kwa chuma kinachovumilia mara mbili ya ile laini ya 4.6. Bolti ya milimita 12, inayofunguliwa kwa spana namba 19, ikiwa ya 8.8 hukatika ikivutwa kwa karibu tani 6.8. Ya 4.6 hukatika kwenye tani 3.4. Dukani tofauti yake ya bei ni ndogo sana ukilinganisha na pleti. Isiyo na namba yoyote kichwani, ihesabu kuwa laini.

Na kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Bolti haikai pale kama msumari unaozuia ubao usiteleze. Inafanya kazi kama jiriwa: inabana vyuma viwili kwa nguvu kiasi kwamba msuguano wao ndio unaobeba mzigo. Isipokazwa vya kutosha, vyuma vinacheza, tundu linapanuka, na bolti inakatwa kidogo kidogo. Bolti ya 8.8 ya milimita 12 inataka kukazwa kwa nyutoni-mita 80 hivi. Huna spana ya kupimia? Hesabu ni nyepesi: ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ikining'inia kwenye mpini wa spana sentimita 40 kutoka kwenye nati, ndiyo nguvu hiyo. Ifanye mara moja kwa ndoo halisi, mkono wako utaikumbuka.

Sehemu ya kuvutia ni pleti ya milimita 20, ipite kwenye tundu lililokatwa usoni mwa bampa na ichomelewe pande zote mbili hadi kwenye mkono wa nyuma. Isibandikwe juu ya uso. Mvuto utoke kwenye kamba uende kwenye chesisi bila kupitia pleti nyembamba. Wavutaji wa magari wana kanuni yao ya makisio: gari lililozama hadi kwenye kitovu cha tairi linahitaji mvuto kama wa uzito wake wenyewe, likizama hadi madigadi mara mbili, na likikaa kwa tumbo hadi mwili umezama, mara tatu. Pikapu ya tani mbili inaweza kudai tani sita. Kwa hiyo zile ndoano nyembamba unazoziona chini ya gari lililotoka Japani usizitegemee. Nyingi ni za kufungia gari melini lisitembee, na zinatosha kazi hiyo tu. Mpira wa kuvutia tela, ile tufe ya chuma ya nyuma ya gari, nao haufai kabisa. Ukikatika unaruka kama jiwe la manati, na watu wamekufa kwa hilo. Kila unapovuta, tupia turubai zito au mkeka juu ya kamba, na watu wote wakae mbali kuzidi urefu wake.

Boksi, kipimo na pembe

Kazi yenyewe huanza na boksi la friji. Kata boksi kama vile ndiyo chuma, libandike kwa gundi ya karatasi mbele ya gari, zunguka, lirekebishe. Kosa la boksi ni bure. Acha uwazi wa vidole viwili hivi kati ya bampa na madigadi, kwa sababu mwili umekalia raba na unacheza njiani, chesisi haichezi nao. Zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto uone tairi linapita wapi. Acha njia ya upepo mbele ya rejeta. Kuitoa gari Mombo, kupanda Soni hadi Lushoto iliyo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukiwa umeziba shoo kwa pleti, ni kuichemsha.

Faida kubwa ya bampa la kujitengenezea, kwa maoni yangu, iko kwenye pembe ya kupandia kuliko kwenye uzito. Egemeza ubao kutoka pale tairi la mbele linapogusa ardhi hadi ukingo wa chini wa bampa. Mwinuko wa ubao huo ndio kilima kikali kabisa unachoweza kukianza bila kugusa. Bampa lililo sentimita 70 mbele na sentimita 45 juu linakupa nyuzi kama 33. Likirudi nyuma hadi 60 na kupanda hadi 55, unapata kama 42. Hapo hukuongeza chuma, ulipunguza. Kwenye korongo la barabara ya shamba, tofauti hiyo ndiyo kupita au kurudi.

Mabomba ya ngao hukunjwa kwa kujaza mchanga, kuziba ncha na kupasha moto, ili ukuta usibonyee. Mchanga uwe mkavu kabisa, kwa kuwa maji yaliyofungiwa yakipata moto yanakuwa mvuke na bomba linapasuka kama bomu. Na uwe wa mto. Wa pwani una chumvi, utabaki ndani ukilila bomba kimyakimya.

Wengi hutumia bomba la maji kwa sababu ni rahisi kulipata. Lile lina ngozi ya zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi wakati chuma huyeyuka kwenye kama 1,500. Maana yake, kabla chuma hakijaanza kuyeyuka, zinki imeshakuwa moshi mweupe puani mwa fundi. Usiku wake anatetemeka, ana homa, mdomo una ladha ya chuma, anadhani ni malaria. Hapa ndipo inaingia imani ya maziwa. Karibu kila karakana niliyopita, fundi anaagiza maziwa "ya kusafisha kifua". Naomba niseme hili wazi kwa sababu nawapenda watu hawa: maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu, na hayakutani. Kinachosaidia ni kusaga zinki yote kuzunguka mchomo kabla ya kuwasha, kufanya kazi nje upepo ukikupita kwa ubavu, na barakoa ya moshi wa kuchomelea. Hela ya maziwa ya mwezi mmoja inakusogeza karibu na barakoa hiyo.

Kama ni lazima uchomelee chochote bampa likiwa garini, vua terminali ya betri kwanza, na waya wa athi ubanwe karibu kabisa na mchomo.

Kuhusu kutu, sisi wa pwani hatuna huruma ya kuomba. Upepo wa Raskazone una chumvi ya kutosha bila hata kwenda Pangani. Saga ile ngozi ya buluu, futa kwa tina, piga rangi ya msingi yenye zinki mikono miwili, halafu ndiyo rangi ya juu. Kila sehemu iliyozibwa kama sanduku itobolewe tundu chini la kutolea maji, kwa kuwa bampa la pwani huoza kuanzia ndani. Ukivuka Pangani kwa kivuko au ukipita ufukweni, lioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Walio mbele ya bampa

Tanga ni mji wa baiskeli. Akina mama wanakwenda sokoni, watoto shuleni, wazee msikitini, wote kwa baiskeli. Duniani zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na pikipiki. Ganda la plastiki na sponji lilikuwa na huruma fulani kwao. Chuma hakina. Umoja wa Ulaya uliweka masharti ya ngao za magari mwaka 2005, na India ikaagiza ziondolewe mwaka 2017, sababu mojawapo ikiwa hiyohiyo. Kwa hiyo kama gari lako halitoki mjini, nakusihi ubaki na bampa la kiwanda. Kama kazi yako kweli ni ya porini, ncha zote zikunjwe kuelekea nyuma, kingo zisagwe mviringo, kusiwe na pleti iliyochongoka wala bolti iliyotokeza. Namba ya gari na taa zionekane zote. Na kabla ya kukata chuma, pita kwa mkaguzi wa magari wa polisi na kwa aliyekukatia bima, uwaonyeshe mchoro wako.

Kijana wa Hilux alibadilisha agizo. Uso wa milimita 4, pembeni 3, mikono ya 10, bolti nane za 8.8, pete mbili za kuvutia zilizopita hadi nyuma. Ngao akaiacha. Lilipopimwa kwenye mizani ya skrepa ya jirani lilikuwa na kilo 43. Baada ya kukaza, fundi alichukua brashi ndogo akachora mstari mweupe kutoka kwenye kila nati hadi kwenye braketi, mistari minane. Akamwambia arudi akishatembea kilomita mia moja za barabara mbovu.

Jana alirudi kutoka Pangani, gari lote udongo. Tukainama wanne na tochi ya simu. Mistari saba ilikuwa imenyooka. Wa nane, kushoto chini, ulikuwa umekatika, nati imesogea kama upana wa njiti ya kiberiti. Fundi akanyoosha mkono bila kugeuka, na kijana akampa spana namba 19.